Barua kwa Mkulima wa Karne ya Kumi na Nane

Juzi mvua ilinikuta njiani nikajibanza kwenye kibanda cha fundi baiskeli. Fundi mwenyewe alikuwa ameinama juu ya gurudumu, vidole vimejaa grisi, wala hakuinua kichwa. Nje, matone ya kwanza yalikuwa yakilipiga vumbi, na harufu ya udongo uliokunywa maji baada ya kiangazi kirefu ikaingia ndani ikachanganyika na ile ya grisi. Kila harufu peke yake hainifanyi kitu. Zikikutana, ninarudi Nyantakara, nina miaka kumi na mmoja, nimeshika rula ya mbao mkononi, na baba yangu amesimama wima kama nguzo akiniuliza, "Mara ngapi, Velo? Hesabu vizuri."

Jina langu kwenye cheti cha ubatizo ni Veronika. Kwetu herufi r na l hazina ugomvi, kila mtu huchukua ile iliyo karibu na ulimi wake, kwa hiyo nilikuwa Velonika, na mwisho Velo. Baba alibebwa mgongoni na mama yake kutoka Burundi akiwa hajajua kutembea. Mama ni Msubi, wazee wake wamelima Biharamulo tangu hawajui lini. Baba akikasirika alirudi kwenye Kirundi, mama akikasirika alirudi kwenye Kisubi, na Kiswahili kikabaki kuwa lugha yetu ya shule, ya gulio na ya kupatana.

Hadi nilipoingia darasa la nne, baba alikuwa mtu wa kuinama na jembe kutoka umande hadi jua la utosi, na siku za gulio alipakia mikungu ya ndizi kwenye baiskeli hadi ukashindwa kumwona mwendeshaji. Siku moja, akiwa na mikungu mitatu, breki zilikatika mteremkoni. Walimkuta mtaroni na baiskeli imemlalia. Alikaa hospitalini muda mrefu, na aliporudi alikuwa anatembea polepole, amenyooka, kama mtu aliyejitwika mtungi uliojaa. Aliweza kusimama, kutembea, hata kusukuma kitu. Kuinama hakuweza. Daktari alimwambia asiguse jembe, labda maisha yake yote.

Nyinyi mliolelewa shambani mnajua maana yake. Mkulima asiyeinama ni kama mwimbaji asiye na sauti. Baba alishinda amesimama ukutani pa jiko au amelala ubavu kwenye mkeka. Wapita njia walimsalimia kwa pole. "Pole, Baba Velo." Alijibu "Asante," na kila asante ilikuwa fupi kuliko ya jana. Baiskeli ile iliyopinda aliamuru iwekwe nyuma ya nyumba, asiione.

Msimu uliofuata mama alilima peke yake. Alipofika katikati ya shamba, wakati wa kupanda ulikuwa umekwisha, na nusu nyingine ikabaki majani. Mwaka huo tulikula muhogo mchana, muhogo jioni, na mahindi yakawa kitu cha wageni. Ndiyo maana kiangazi kilipoanza kufikia mwisho, mama akiwa anachambua mboga, alisema bila kunitazama, "Mvua zikianza, Velo atakaa nyumbani mpaka tumalize kupanda."

Nilikuwa darasa la tano. Nilijua kukaa nyumbani kwa namna hiyo kunavyokuwa. Skola, binti wa jirani yetu, alikaa nyumbani kwa ajili ya kupanda, akaendelea kwa ajili ya kupalilia, na alipokumbukwa, wenzake walikuwa wamempita. Nilimtazama baba aseme neno. Baba alitazama ukuta.

Wiki hiyo hiyo Mwalimu Resituta, aliyetufundisha sayansi, aliingia darasani na somo la uvumbuzi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye maandishi makubwa. Akaandika ubaoni kwamba mwanzoni mwa karne ya kumi na nane watu walianza kutengeneza vitu vilivyobadilisha kazi duniani. Walitengeneza mashine ya mvuke ya kuvuta maji migodini. Walitengeneza kipimajoto cha zebaki, na hicho nilikijua, niliwahi kuwekewa kwapani kwenye zahanati. Na huko Uingereza mkulima mmoja alitengeneza mashine ya kupandia mbegu kwa mistari.

"Kabla yake," alisema Mwalimu Resituta, "kule kwao walimwaga mbegu ovyo kwa mkono, kama mtu anayelisha kuku. Nyingi zililiwa na ndege. Mkulima huyu alikuwa mgonjwa wa kifua, kazi nzito hakuiweza. Lakini alipenda kupiga kinanda cha kanisani. Akaangalia jinsi kinanda kinavyofungua na kufunga matundu ya kupitishia hewa, akajiuliza: kama hewa inaweza kutolewa kwa kipimo, kwa nini mbegu isiweze?"

Niliandika kila neno kwenye daftari langu. Neno moja tu sikulielewa, na kwa kuwa sikujua kwamba sikulielewa, sikuuliza. Neno hilo ni karne. Kwetu kulikuwa na mahali panapoitwa kwa namba. Watu walisema anaishi Kilometa Tisa, au amehamia Kijiji Namba Nne. Basi nami niliona wazi kwamba Karne ya Kumi na Nane ni mahali, pengine kambi kubwa ya watu wenye akili, na kwamba huyo mkulima aliishi mwanzoni mwake, yaani pale unapoingia.

Jioni nilimsomea baba. Hiyo ilikuwa kazi yangu tangu alipoumia. Nilikaa kwenye kigoda, yeye akiwa amesimama ameegemea ukuta, nikasoma masomo yote ya siku, hata hesabu. Mara nyingi sikujua kama anasikiliza. Siku hiyo nilipofika kwenye mkulima, alinikatiza.

"Rudia hapo. Alikuwa mgonjwa?"

"Ndiyo, baba. Wa kifua."

"Na mashine aliitengeneza yeye, si wenye nguvu zao?"

"Yeye."

"Anakaa wapi huyo mtu?"

"Karne ya Kumi na Nane, baba. Mwanzoni kabisa."

"Ni mbali?"

"Ni Uingereza."

Baba hakumaliza hata darasa la tatu. Aliitikia kwa kichwa taratibu, akasema, "Ego," ambayo kwa Kirundi ni ndiyo, na jioni ile kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi aliuliza chakula kiko tayari saa ngapi.

Jumapili iliyofuata misa ilipokwisha, mama alitoka na wanawake wenzake, na mimi nikamwona baba anaelekea mbele, kwenye kona ya kwaya. Kanisa letu lilikuwa na kinanda kidogo cha betri, kimefunikwa kitambaa cha dhahabu. Mpiga kinanda alikuwa anajiandaa kukibeba.

"Kaka," baba alimwambia kwa heshima zote, "naomba uniruhusu nione matumbo yake."

"Matumbo ya nani?"

"Ya kinanda. Nataka kuona matundu ya hewa."

Yule mpiga kinanda alikikumbatia kama mtoto anayetaka kuibwa. Akaeleza kwamba ndani hakuna hewa wala matundu, ni nyaya tu. Baba alishukuru, akatoka. Mlangoni mama alikuwa amesikia. Tulipofika nyumbani alisema, "Baba Velo, watu watasema ugonjwa umepanda kichwani."

"Waseme," baba alijibu. "Kinanda chetu hakina matundu. Tutatafuta chenye matundu."

Kesho yake alinituma nisukume ile baiskeli iliyopinda hadi kwa Fundi Juma, pale kwenye njia panda. Fundi Juma alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye kofia iliyofifia rangi, mtu wa maneno machache, na alimjua baba tangu siku za ndizi. Nikaisukuma ikilia kiii, kiii njia nzima.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Velo. Baba yako ameamua itengenezwe?"

"Hapana. Amesema ikatwe."

Alinitazama. Nikamweleza yote, kinanda, mbegu, mkulima mgonjwa. Aliuliza maswali mawili tu, kisha akachukua msumeno. Siku ya tatu alikuja kwetu mwenyewe na gurudumu la mbele lililonyooshwa, uma wake, na usukani uliounganishwa kwa chuma kirefu ili mtu asukume akiwa amesimama wima. Baba aliushika ule usukani uliomvunja mgongo. Akausukuma hatua mbili uani.

Sehemu iliyobaki aliitengeneza mwenyewe, amesimama, kwenye meza ya kuanikia vyombo. Alichonga gurudumu dogo la mbao, nene kama kiganja, la kufungwa kwa waya kwenye spoku ili lizunguke pamoja na lile kubwa. Kwenye ukingo wake alitaka kuchimba vishimo. Kila kishimo kichote mbegu mbili kutoka kwenye kopo lililo juu, kizunguke nazo, kizimwage chini kwenye bomba. Ulimi wa kuzuia mbegu za ziada aliukata kwenye soli ya kandambili iliyochakaa. Mbele ya bomba alifunga kipande cha jembe kuukuu cha kuchora mfereji, na nyuma mnyororo wa baiskeli uliojikokota kufukia.

Lakini vishimo vingapi? Hapo ndipo aliponiita.

"Bwana shamba anasema mahindi yaachane kiasi gani?"

"Sentimita thelathini," nilisema. Lilikuwa jibu la mtihani.

"Rula yako ina ngapi?"

Niliitoa kwenye begi. Thelathini. Nilisimama nayo nikiitazama kana kwamba sijawahi kuiona. Tulizungushia gurudumu kubwa kamba, tukainyoosha chini, na mimi nikapiga magoti kuipima kwa rula kwa sababu yeye hakuweza kupiga magoti. Nilipima mara ya kwanza, nikapima ya pili. "Mara ngapi, Velo? Hesabu vizuri."

"Saba, baba. Saba kamili, inazidi kama unene wa kidole."

Akachimba vishimo saba. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya hesabu kama ile, hata nilipokuja kuisoma kwa miaka na kupewa vyeti vyake.

Tuliijaribu Jumamosi, ardhi ikiwa bado kavu, kwenye kona ya shamba karibu na njia. Jirani yetu Mama Skola alikuwa anapita na ndoo kichwani, akasimama. Mama naye alitoka jikoni, mikono kiunoni. Nikajaza mahindi kwenye kopo. Baba akashika usukani, akasukuma. Gurudumu lilizunguka, jembe likachora, mnyororo ukafukia, na nyuma yake ukabaki mstari mzuri ulionyooka kama uzi wa fundi cherehani. Nilipiga makofi. Alipofika mwisho, baba aligeuka, akasema, "Fukua tuone."

Nilifukua mahali pa kwanza nikapata mbegu mbili. Pa pili, mbili. Pa tatu hakuna. Pa nne hakuna. Nilifukua mstari mzima kwa vidole, hatua kumi na zaidi, sikupata hata punje nyingine. Chini ya kopo mahindi yalikuwa yamekwama, punje moja kubwa imeziba njia, na sisi tulikuwa tumepanda hewa.

Mama Skola alicheka hadi ndoo ikamwagika. "Baba Velo, mbegu zinataka mkono wa mtu! Hata Mungu aliumba kwa mkono." Akaenda zake, na nilijua kufikia jioni kijiji chote kingekuwa kimejua.

Mama hakucheka. Afadhali angecheka. Alisema tu kwa sauti ya uchovu, "Velo, kesho kutwa utaanza kunisaidia kusafisha shamba. Mawingu yameanza."

Baba aliiegemeza mashine ukutani akaingia ndani. Jumapili yote hakutoka, hata kanisani hakwenda. Mimi nilikaa nje na daftari, nikafikia uamuzi ulioonekana kwangu kuwa wa akili kuliko yote. Mwenye mashine yupo. Basi aulizwe. Nikachana karatasi ya katikati ili daftari lisiharibike, nikaandika kama tulivyofundishwa:

Kwako Mkulima wa Karne ya Kumi na Nane. Shikamoo. Natumaini hujambo na kifua kinaendelea vizuri. Sisi huku Nyantakara tu wazima isipokuwa mashine. Punje zinakwama. Je, yako ilikwama? Ulifanyaje? Tafadhali jibu haraka kwa sababu mvua imekaribia na mimi nitaachishwa shule. Nisalimie wote wa huko Karne. Mimi, Veronika.

Niliipeleka kwa Fundi Juma siku hiyo hiyo, maana mabasi yalisimama njia panda na yeye alijuana na makondakta. Alifuta mikono, akaisoma pole pole, midomo ikicheza. Nilisubiri acheke. Hakucheka. Aliikunja barua kama ilivyokuwa, akavuta kigoda, akanikalisha.

"Mwanangu, Karne si mahali."

"Ni nini?"

"Karne ni miaka mia moja. Hiyo ya kumi na nane ilikwisha zamani, kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Huyo mkulima alikwisha kufa."

Nililia. Mtu mzima anaweza kuona ni jambo dogo, lakini kwangu mtu yule alikuwa amekuwa kama ndugu wa baba, mgonjwa mwenzake wa huko mbali. Katika dakika moja nilipata habari za msiba, na nilizipata nikiwa nimechelewa miaka mia tatu. Nililia pia kwa aibu, maana nilimwambia baba ni mahali, na baba aliniamini. Nikasema, "Sasa tutamuuliza nani?"

Fundi Juma alinirudishia barua. "Yeye naye ilipokwama alimuuliza nani? Hakukuwa na mwenzake. Aliitazama tu mpaka akaona. Wewe una macho, nenda kaitazame."

Nilirudi nikakaa chini mbele ya mashine. Nikaizungusha kwa mkono, mbele, nyuma. Punje nyembamba zilipita. Zile nene za mwanzo wa gunzi zilisimama mlangoni kama ng'ombe kwenye njia ya mbuzi. Nilitazama muda mrefu hadi miguu ikafa ganzi, ndipo nikaona kwamba mashine haikuwa na kosa hata moja. Mbegu zetu ndizo hazikufanana. Tulikuwa tumepukuchua gunzi zima, la juu, la katikati na la chini, tukachanganya.

Nilikimbilia ndani. Baba alikuwa amelala ubavu, amegeukia ukuta.

"Baba, vishimo vyako ni vizuri. Tuchague punje za katikati tu."

Hakugeuka. "Huyo mtu wa Karne ndiye aliyekuambia?"

"Alikufa, baba. Alikufa zamani sana, kabla ya babu. Karne si mahali. Nilikosea."

Mabega yake yakaanza kutikisika na nikaogopa kwamba analia. Baba alikuwa anacheka. Alicheka huku ameshika mgongo kwa maumivu, akasema, "Yoo, mwana! Nami nilikuwa nawaza nauli!" Akajivuta, akainuka, na tukatoka.

Tulichukua ungo. Niliketi chini, nikamwaga mahindi, nikaanza kutenga: nene huku, ndogo huku, za katikati kwenye debe. Debe la mbegu si mchezo, na nilizichambua punje kwa vidole viwili viwili. Jua lilikuwa limeinama nilipoona mkono mwingine unaingia kwenye ungo. Ulikuwa wa mama, bado una majivu ya jikoni. Tulichagua pamoja hadi ungo ukaisha, na alipoinuka alisema upande wa baba, "Mvua ikinyesha, asubuhi moja tu. Mkishindwa, tunashika majembe wote, na Velo anabaki nyumbani."

Ilinyesha siku ya nne. Ile mvua ya kwanza ya kwetu haibembelezi, inakuja kutoka upande wa Ngara kama watu wanaokimbia juu ya mabati. Asubuhi shamba lilikuwa jeusi na laini. Baba alishika usukani kabla jua halijatoka vizuri. Mimi nilitembea kando nikitazama vishimo vinavyozunguka na kuhesabu kimoyomoyo, mbili, mbili, mbili. Alipomaliza mstari wa kwanza, mama ndiye aliyefukua. Alifukua mwanzo, akafukua katikati, akafukua mwisho, akafukia tena kwa kiganja kama anayemfunika mtoto shuka. Aliposimama, macho yake yalikuwa mahali pengine.

"Endelea," alisema. "Velo, nenda kavae sare. Utachelewa."

Nilikwenda shule nikiruka. Niliporudi mchana, nusu ya shamba ilikuwa imepandwa, ile nusu ambayo mwaka uliotangulia ilibaki majani. Baba alikuwa ameloa jasho, uso umesawijika kwa maumivu, na sijawahi kumwona mzuri kama siku ile. Siku ya pili jioni ulibaki mstari mmoja, wa mpakani, ule unaopakana na njia ambayo kila mtu hupita.

"Huu wako," aliniambia, akanipa usukani.

Usukani ulinifika kidevuni. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote, na nilikuwa na furaha hata sikuweza kutazama mbele. Kila hatua niligeuka kuona kama baba ananiona. Kamba ya kunyooshea mstari hatukufunga. Nilipofika mwisho na kutazama nyuma, mistari yote ya baba ilikuwa imenyooka, na wangu umepinda kama nyoka aliyekunywa pombe.

"Nifukue nipande upya?"

"Mbegu haifukuliwi mara mbili," alisema. "Acha."

Zikafuata siku za kungoja. Mama Skola alipita kila siku, anatazama udongo mtupu, anasema, "Bado?" kwa sauti tamu. Kijijini walisema mbegu zilizopita kwenye chuma hazioti. Siku ya tano hakuna kitu. Siku ya sita mama alikwenda shambani alfajiri peke yake, na nilisikia vigelegele vyake nikiwa bado kitandani. Nilitoka bila viatu. Kutoka mwisho hadi mwisho wa shamba, vidole vidogo vya kijani vilikuwa vimetoboa ardhi kwa mistari, kwa mistari, hadi macho yakachanganyikiwa. Sikuwahi kuona shamba la kwetu likiwa na utaratibu kama ukurasa wa daftari.

Habari zilikwenda zenyewe. Mwalimu Resituta alileta darasa zima, akanisimamisha mbele niwaeleze wenzangu kuhusu vishimo saba, na Skola alikuja pia akakaa nyuma kabisa. Siku iliyofuata nilimwona Mama Skola uani kwetu, hana ndoo wala utani. Alimsalimia baba, akazungukazunguka, mwisho akasema, "Baba Velo, shamba langu bado robo. Kama mashine imepumzika..." Baba alimpa siku hiyo hiyo, akakataa kupewa chochote isipokuwa jambo moja, kwamba asubuhi wakipanda, Skola aende shule. Mama Skola aliinamisha kichwa, akakubali.

Mwishoni mwa juma alikuja bwana shamba wa kata kwa pikipiki, na nyuma yake wakaja majirani wengi, wanaume wale wale waliokuwa wakipita na pole zao. Siku hiyo hakuna aliyesema pole. Bwana shamba alizunguka mashine, akagusa ulimi wa kandambili, akauliza baba alisomea wapi. Kisha akataka kuona shamba. Baba alitangulia, amenyooka, mikono nyuma, na watu wakamfuata kwenye ukingo. Waliipita mistari yake mmoja baada ya mwingine, wanatikisa vichwa, bwana shamba anapima kwa hatua na kuandika.

Walipofika mpakani, kwenye mstari wangu, nilitamani ardhi inimeze. Ulikuwa umeota wote, haukosi hata shina moja, na ulikuwa umepinda mbele ya kijiji kizima.

"Hapa mashine ilipata hitilafu?" bwana shamba aliuliza, kalamu imesimama.

"Hapana," baba alisema. Akanitafuta kwa macho katikati ya watu, akaninyooshea mkono nije mbele. "Huu kapanda binti yangu."

Kisha akawaambia wote wasogee karibu, wautazame vizuri.